Mgonjwa wa Kundi Letu

Wanafunzi wa mwaka wa tatu wananipigia simu. Sijui nani aliwapa namba yangu, wala sijui kwa nini wananiona mtu wa kuombwa ushauri. Mimi ni daktari niliyemaliza chuo juzijuzi tu. Nimekaa Morogoro nasubiri kupangiwa hospitali ya mafunzo ya vitendo, na sehemu kubwa ya siku naitumia kujiuliza kama ujumbe niliotuma asubuhi ulikuwa na salamu za kutosha. Lakini wanapiga.

"Kaka, tusome kitabu gani kabla ya mtihani wa wodini?"

"Mazoezi mnafanyia wapi?"

"Chumbani kwa mwenzetu mmoja."

"Kitanda kimekaaje?"

Hapo nasikia minong'ono. Nadhani wanaambiana kwamba walichosikia kuhusu mimi ni kweli. "Tutakupigia baadaye, kaka," wanasema, na hawapigi. Siku nzima nabaki nikifikiria kwamba ningeanza na jina la kitabu.

Acha nieleze habari ya kitanda.

Chuo chetu kilitutuma Morogoro tulipoanza kujifunza wodini. Nilipanga chumba kimoja Mwembesongo na jamaa wa Mwanza, mtu mkubwa, mcheshi, anayelala popote na kula chochote. Wa tatu katika kundi letu alikuwa binti wa Tanga aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Huyo ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha upasuaji, na alama zake ndizo zilizokuwa juu. Kila jioni tulikutana chumbani kwetu kwa diskasheni. Kusoma vitabu tuliweza. Shida ilikuwa mazoezi ya kumpima mtu, kwa sababu yanahitaji mtu.

"Mimi shati sivui," alisema binti wa Tanga siku ya kwanza. "Amueni wenyewe."

Jamaa wa Mwanza akajitolea. Tukamlaza, tukapapasa. Kutafuta ini lake ilikuwa kama kutafuta sarafu iliyozama ndani ya godoro, na kila tulipomgusa ubavuni alicheka mpaka kitanda kikatembea. Basi nikavua shati mimi.

Lazima niseme kwamba mimi ni mwembamba. Mbavu zangu zinahesabika kutoka mlangoni, na mapigo ya moyo wangu yanaonekana yakirukaruka chini ya ngozi kama chura ndani ya mfuko. Binti wa Tanga alinitazama akasahau hata kunitania.

"Jamani," alisema, "huyu si mtu. Hii ni chati ya ukutani."

"Tumepata kitabu, mwanangu," alisema jamaa wa Mwanza.

Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mwili wangu kusifiwa na watu wawili kwa pamoja. Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa kundi. Wao walipima, mimi nililala. Walinigonga vidole kifuani, wakanisikiliza mapafu kwa stetoskopu iliyokuwa baridi kama chupa ya soda, na mwisho walipapasa tumbo huku wakisema matokeo kwa sauti, kama tulivyotakiwa kufanya mbele ya watahini: "Tumbo laini. Ini halishikiki. Bandama haishikiki. Figo hazishikiki." Ndivyo inavyotakiwa kwa mtu mwenye afya. Bandama, kwa mfano, imejificha chini ya mbavu za kushoto na vidole haviifikii, mpaka ivimbe ndipo inashuka kuja kukutana na mkono. Yangu haikuwahi kushuka. Kila jioni ilitangazwa haishikiki.

Kwa sababu binti wa watu alikuwa ndani, mlango tuliuacha wazi kwa heshima. Matokeo yake ni kwamba wapangaji wote, wakienda bombani na wakirudi, waliniona nimelala kifua wazi huku watu wawili wakiniinamia juu ya tumbo. Mama mwenye nyumba alianza kuniletea uji wa ulezi. Nilidhani ni ukarimu wa Waluguru, nikawa nakunywa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje leo?"

"Salama, mama."

"Mungu ni mwema," alisema, akanishika shavu. Halafu akasogea karibu. "Hao wenzako naambiwa wanasomea udaktari. Na wewe, mwanangu, kabla hujaanza kuumwa, ulikuwa unasomea nini?"

Binti wa Tanga alikuwa mlangoni. Alicheka wiki nzima.

Sasa kitanda. Chumba kilikuwa na kitanda changu, meza, jiko la gesi, ndoo za maji na godoro la jamaa wa Mwanza chini. Kitanda kilikaa ubavuni mwa ukuta na hakikuwa na pa kuhamia. Nikilala chali, kichwa upande wa dirisha, mkono wangu wa kulia uligusa ukuta. Ningeweza kugeuka na kuweka kichwa upande wa mlango, lakini chaga za upande ule zilikuwa zimevunjika, na ukilaza mgongo pale ulizama mpaka sakafuni. Kwa hiyo wenzangu walinipima kutoka kushoto. Wakazoea. Nami, kwa kuwa nilijifunza kwa kuwatazama kichwa kikiwa kwenye mto, nikazoea kuwaona wakija kutoka kushoto.

Mtihani ulipofika tuliingia mmoja mmoja. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja amelala kitandani, mtahini amekaa kwenye kiti, na mikono yangu miwili ambayo ghafla niligundua kwamba haijawahi kumpima mtu. Nilijua kila hatua. Nilijua hata stetoskopu inaumiza wapi. Lakini nilizijua zote kwa ngozi ya tumbo langu, na mtahini hakutaka tumbo langu. Nikamgusa yule mama kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Nikasema, "Ini halishikiki, bandama haishikiki," kwa sababu ndiyo maneno niliyoyazoea. Mtahini akainamia karatasi yake. Watahini hawasemi. Wanaandika.

Matokeo yalipotoka, wenzangu walikuwa wamepita kwa shida, mimi nimepata sapu. Ikiwa hujawahi kusoma chuo, sapu ni mtihani wa marudio. Ukiufeli nao, unarudia mwaka mzima. Wenzangu wangekwenda mwaka wa nne, mimi ningebaki kwenye chumba kilekile, labda na kundi jipya la wadogo ambao wangenitazama kifua na kusema wamepata kitabu.

Nikafanya kile ambacho kila mwanafunzi hufanya: nikawauliza waliotangulia. Mmoja alinitumia ujumbe wa sauti akisema watahini wa Morogoro wanapenda mtu anayejiamini, nizungumze kwa sauti kubwa. Mwingine akasema hawapendi kabisa kelele mbele ya mgonjwa. Wa tatu alisema siri ni tai. Wa nne alisema yeye alivaa tai, ikamwangukia mgonjwa usoni alipoinama. Kaka mmoja aliniambia nisiwaze sana. Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko wote, maana nilikaa siku mbili nikiwaza nifanyeje nisiwaze. Wote walinieleza jinsi walivyopita, na hakuna aliyesema aliwahi kukwama. Nikaamini kwamba katika historia ya udaktari mtu wa kwanza kupata sapu ya wodini ni mimi.

Jamaa wa Mwanza alinionea huruma. "Twende kwa dada," alisema.

Dada, kama wanafunzi wote walivyomwita, alikuwa ametutangulia chuoni miaka kadhaa, na wakati ule tayari alikuwa daktari. Tulisikia sifa zake kabla ya kumwona: mkono mwepesi, kichwa kizuri, mtu wa alama za juu. Alikuwa likizo kwao, huko juu kwenye miteremko ya Uluguru ambako wazazi wake wanalima kabichi na karoti. Tukaenda Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Njia ilipanda katikati ya migomba na matuta ya mboga, na jamaa wa Mwanza alisimama kila kona akidai anaangalia mandhari.

"Mandhari umeipa mgongo," alisema binti wa Tanga.

"Naiangalia kwa kusikiliza."

Dada alitupokea uani. Tukawaamkia wazazi wake, tukapewa ndizi za kuchemsha na maharage. Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

"Nionyesheni mnavyofanya," alisema.

Mama yake akatandika mkeka katikati ya ua. Nikaanza kufungua vifungo vya shati kwa mazoea.

"Wewe unafanya nini?" aliuliza dada.

"Mimi ndiye mgonjwa."

"Siku zote?"

"Siku zote," alisema jamaa wa Mwanza kwa fahari. "Ana mbavu nzuri sana, dada."

Dada aliniangalia, akawaangalia, akaniangalia tena. Akasema nilale basi, kwa mara ya mwisho. Nikalala. Mkeka ulikuwa peke yake katikati ya ua, hakuna ukuta, hakuna jiko, unaweza kuuendea kutoka upande wowote wa dunia. Jamaa wa Mwanza alikuwa amesimama kulia kwangu. Akanizunguka, akapita miguuni, akaja kupiga magoti kushoto. Binti wa Tanga akamfuata, akajibana nyuma yake. Upande wa kulia ukabaki mtupu, na kuku mmoja akapita hapo akidonoa.

Dada alikaa chini, akashika tumbo. Nilidhani anaumwa.

"Jamani," alisema alipoweza kusema, "ninyi kulia kwa mgonjwa kuna nini? Kuna nyoka?"

Tukatazamana.

"Mgonjwa anapimwa kutoka kulia! Hamkufundishwa wodini?"

"Wodini tulikuwa wengi," alisema binti wa Tanga. "Ukipata nafasi ya kuchungulia begani kwa mtu unashukuru. Daktari mwenyewe ndiye alikuwa anasimama kulia."

"Sasa?"

"Tulijua ni kwa sababu ni mkubwa," alisema jamaa wa Mwanza.

Ilibidi tueleze kitanda, ukuta, chaga. Dada alifuta machozi kwa upande wa kanga ya mama yake. Halafu akageuka kwangu na uso wake ukabadilika.

"Upande ni kitu kidogo. Hawa walikosea upande na bado wakapita. Wewe hukufelishwa na upande." Akakaa vizuri. "Mimi nilipata sapu hiyohiyo."

Nikainuka kwenye mkeka, nikakaa.

"Si walikuambieni nilikuwa wa kwanza? Wa kwanza nilikuwa kwenye karatasi. Wodini nilikuwa mtu wa kuangalia. Nilisimama nyuma nikaandika kila kitu, vizuri sana, kwa rangi tatu. Siku ya mtihani nikamkuta mgonjwa, nikatamani nimwandike." Akacheka, lakini kidogo. "Nililia njia nzima kupanda hapa. Baba akaniuliza nini, nikasema sijui kushika watu. Akalala kwenye huu mkeka, akasema, nishike mimi. Likizo nzima niliwapima hapa nyumbani, mmoja mmoja, mpaka wakawa wananikimbia wakiniona na mikono mitupu."

Baba yake alikuwa mlangoni anachonga mpini wa jembe. "Nilikuwa najificha kwenye karoti," alisema bila kuinua kichwa.

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri nilichohisi. Nilikuwa nimekusanya ushauri wa watu wengi walioshinda, na wote ulinifanya mdogo. Huyu alinipa kushindwa kwake, na nikapumua.

"Kuanzia leo," alisema dada, akinielekezea kidole, "huyu halali tena. Ninyi ndio mtalala."

Jamaa wa Mwanza akavua shati pale pale. Binti wa Tanga akakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. "Mapigo ya moyo utayapata hapa mkononi, na kope za macho nitakufunulia. Ukipita hapo utaandikiwa barua ya onyo."

Nikapiga magoti kulia. Nikaweka mkono. Jamaa wa Mwanza akaanza kucheka kabla sijamgusa, na dada akamuuliza mgonjwa gani anacheka, akajibu mgonjwa anayetekenywa. Mama yake dada alikuja na maji ya kunawa, akasimama, akatutazama kwa muda. Aliangalia lile tumbo kubwa lenye afya lililolala mkekani, akaangalia mifupa yangu iliyopiga magoti.

"Mbona," alimuuliza mwanawe taratibu, "mgonjwa ndiye anayempima mzima?"

Likizo ilikuwa imeanza, na wenzangu wangeweza kwenda kwao. Hawakwenda. Tulinunua mbao, tukatengeneza chaga za upande wa mlango, nikawa nawalaza wao kichwa mlangoni. Jamaa wa Mwanza alinipa tumbo lake asubuhi na jioni. Mpangaji mmoja, kinyozi, alikubali kulala ilimradi asivue viatu. Mama mwenye nyumba, alipoona nimesimama na wengine wamelala, aliniambia anamshukuru Mungu kwa uponyaji wangu, na uji ukaacha kuja. Juma la mtihani nikawasindikiza wenzangu Msamvu wakapande mabasi ya kwao, nikarudi chumbani peke yangu. Nilijaribu kupima mto wa kitandani.

Siku ya sapu sikuvaa tai. Nilikuwa nimeamua kuvaa, nikaamua kuvua, nikaamua kuibeba mfukoni.

Ndani kulikuwa na kitanda, mzee mmoja mwenye macho ya upole, na mtahini ambaye sikumfahamu.

"Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa," alisema. "Pima tumbo. Ukimaliza niambie umeona nini."

Nikaenda kulia. Nikamwamkia mzee, akaitikia. Nikamwomba ruhusa, nikasugua viganja mpaka vikapata joto, maana baridi ya vidole naijua kutoka upande ule mwingine. Nikapapasa taratibu. Tumbo laini. Ini, sikulipata. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma ya mbavu zake za kushoto, na wa kulia nikauanzia chini, karibu na nyonga ya kulia, nikiupandisha kwa mshazari kidogokidogo.

"Vuta pumzi, mzee."

Akavuta. Hakuna kitu. Nikasogeza mkono.

"Vuta tena."

Akavuta, na kitu kikanigusa kidole.

Kiliteremka pamoja na pumzi, kikanigonga, kikarudi. Bado nilikuwa mbali na mbavu. Nilibaki nimeshikilia mkono palepale na akili yangu ikaanza kazi yake. Labda ni ubavu. Ubavu hautembei hivyo. Labda ni msuli. Labda ni choo. Labda ni kidole changu cha pili kimegusa cha kwanza. Sijawahi kushika bandama. Hakuna mtu katika kundi letu aliyewahi kushika bandama. Bandama pekee tuliyoijua ilikuwa yangu, na hiyo ilikuwa haishikiki kila jioni, kwa sauti, mlango wazi. Mdomo wangu ulikuwa tayari na sentensi yake.

"Umeona nini?" aliuliza mtahini.

"Bandama," nilisema. "Bandama imevimba."

Akainua macho. "Una hakika?"

Mama yangu huuliza hivyo pale tu anapojua nimekosea. Mwalimu wangu wa hisabati alikuwa hivyohivyo. Lakini pia kuna watu huuliza hivyo kwa kila mtu. Uso wake haukuwa na kitu. Nilitafuta kitu usoni mwake mpaka nikahisi ninamkosea adabu. Kama nimekosea, narudia mwaka. Kama nikibadilisha jibu na lile la kwanza ndilo lilikuwa sahihi, narudia mwaka pia, na nitalijua hilo maisha yangu yote.

"Naomba nirudie," nilisema.

Mtahini akaonyesha kitanda kwa kalamu. Nikamwomba mzee radhi. Akasema, "Fanya kazi yako, daktari." Nikaweka mkono tena na safari hii nikaacha kumtazama mtahini. Nikatazama ukuta. Mzee akavuta pumzi, na kile kitu kikaja tena, kwa utaratibu uleule. Nikajaribu kupitisha vidole kati yake na mbavu, havikupita. Nikaufuata ukingo wake, nikakuta umebonyea mahali. Nikagonga kwa kidole, sauti ikawa nzito.

"Nina hakika. Inashuka na pumzi, vidole havipiti juu yake, na ukingo wake una pengo."

"Mtu wa mifereji ya miwa. Unafikiria nini?"

"Kichocho cha tumbo kwanza. Halafu malaria ya muda mrefu."

"Msaidie mzee kufunga vifungo," alisema, akaandika.

Nilifunga vifungo vya mzee. Kimoja nilikifunga kwenye tundu lisilo lake, nikakifungua, nikaanza upya.

Matokeo yalikuja kwa simu nikiwa Msamvu, begi begani, natafuta basi la nyumbani. Nimepita. Nilisoma ujumbe mpaka nikaanza kushuku kwamba umetumwa kwa mtu mwingine mwenye jina langu. Nikampigia binti wa Tanga. Alipiga kigelegele kilichonifanya niondoe simu sikioni, na mpiga debe mmoja akageuka kunitazama.

"Ulipewa nini?" aliuliza alipotulia.

"Tumbo. Mzee ana bandama."

"Kila mtu ana bandama, wewe."

"Inashikika."

"Muongo."

"Haki ya Mungu. Niliishika mara mbili."

Alikuwa amenipima tumbo mwaka mzima na hajawahi kupata kitu.

"Ikoje?" aliuliza, na hapakuwa na utani hata chembe katika sauti yake.

Nikaweka begi chini. Watu walinipita pande zote, mabasi yakipiga honi. Nilitaka kumweleza sawasawa, nisiongeze wala nisipunguze. "Ni kama mtu amesimama nyuma ya turubai," nilisema. "Humwoni. Halafu anakugusa na ukingo wa kiganja, anarudi nyuma. Unamsubiri. Anakugusa tena."

"Ngumu?"

"Si sana. Bonyeza ncha ya pua yako."

Nikasikia kitu kikiwekwa mezani, pengine kijiko.

"Nimebonyeza," alisema, sauti ikitokea puani.

"Polepole," nilimwambia. "Halafu vuta pumzi."